Habari za Njia Katika Nchi ya Wamaya

Juma hili nataka niwachukue mbali kidogo, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, mpaka rasi ya Yucatán katika nchi ya Meksiko, ambako nilisafiri kwa gari kupita magofu ya kale ya Wamaya na fukwe nyeupe za bahari ya Karibi. Lakini msione kama nawapeleka ugenini bure. Safari yenyewe inaanzia nyumbani, Tanga, katika shamba la mkonge.

Mimi ni mtoto wa manamba. Marehemu baba yangu alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, akiwa kijana, akaja kukata mkonge katika shamba moja kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani. Alirudi kambini mchana mikono imechanika kwa miba, na utomvu wa majani yale unamwasha hadi shingoni. Siku aliyomaliza kazi yake iliandikwa katika kipande. Siku ambayo hakuimaliza haikuhesabiwa, hata kama alitoka nyumbani alfajiri.

Nakumbuka maswali mawili niliyomwuliza mzee yule. La kwanza, "Baba, mkonge huu ulitoka wapi?" Akanijibu, "Ulikuja na Mjerumani." La pili nilimwuliza siku moja tukiwa ndani ya basi, tulipopita Tongoni, pale yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya zamani. "Baba, nani walijenga pale?" Akasema, "Wenyewe walishaondoka." Majibu yale yakanitosha kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilibidi niende Meksiko ndipo nigundue kwamba yote mawili yalikuwa nusu tu ya habari.

Tuanze na mkonge. Ni kweli ulikuja na Mjerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Njiani mingi ilikufa, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaja mashamba yote ya Tanga, Korogwe, Muheza, Pangani na Morogoro. Lakini Florida nako mkonge ulikuwa mgeni. Ulipelekwa huko miaka ya 1830 na Mmarekani mmoja, Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake katika mji wa Campeche, hapo hapo rasi ya Yucatán. Na lile jina ambalo Wazungu wanauitia mkonge, yaani sisal, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ambako marobota ya singa yalikuwa yakipakiwa melini.

Basi mpwa wangu anayefanya kazi Houston aliponipigia simu na kusema, "Mjomba, njoo tuzunguke Yucatán kwa gari, nina likizo ya siku kumi," sikumwuliza mara mbili. Mwezi Februari mwaka jana tukakutana katika mji wa Mérida, tukakodi gari dogo, na tukaanza safari ya kama kilomita 500 hadi Chetumal, karibu na mpaka wa Belize. Yeye aliendesha, maana anakijua Kihispania na amezoea kuendesha upande wa kulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ramani na kuuliza maswali.

Mérida ni mji mzuri, lakini ukitazama vizuri utaona umejengwa juu ya mji mwingine. Wahispania walipoukalia mwaka 1542 chini ya Francisco de Montejo, hapo palikuwa na mji wa Wamaya ulioitwa T'Hó, wenye mahekalu ya mawe. Mahekalu yakabomolewa, na mawe yake yakajengea nyumba za wageni pamoja na kanisa kuu. Kisha iko barabara moja pana yenye majumba ya kifahari kama ya Paris. Majumba yale yalijengwa kwa fedha za katani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa nafaka wa Marekani walipohitaji kamba za kufungia mavuno yao.

Mmea uliowatajirisha wale mabwana unaitwa huko henequén, nao ni ndugu wa mkonge wetu. Aliyeukata alikuwa Mmaya. Alikopeshwa fedha kidogo za arusi au za mazishi, deni likaandikwa katika daftari la shamba, na tangu siku hiyo hakuweza kuondoka mpaka alilipe. Mshahara haukutosha kulilipa. Akifa, deni likamwangukia mwanawe. Watu wa kabila la Yaqui kutoka kaskazini ya mbali nao waliletwa huko kwa nguvu, na wengi wakafia mashambani. Ilikuwa mwaka 1914 na 1915, wakati wa Mapinduzi ya Meksiko, ndipo madeni hayo yalipofutwa kwa sheria.

Niliposimama mbele ya mashine kuukuu ya kuchakata majani, katika shamba moja ambalo sasa limegeuzwa hoteli, nilinusa harufu ya korona ya utotoni mwangu, ingawa mashine ile haijafanya kazi kwa miaka mingi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona umenyamaza?" Nikamwambia, "Babu yako angepajua hapa."

Toka Mérida hadi Chichén Itzá ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Nchi ni tambarare, msitu mfupi pande zote mbili, wala huvuki mto hata mmoja. Ardhi ya Yucatán ni jiwe la chokaa, maji ya mvua huzama yote yakaenda chini, na watu huyapata katika mashimo makubwa yaliyodidimia yaitwayo senote, neno linalotokana na lugha ya Kimaya. Bila senote kusingekuwa na mji.

Piramidi ya Chichén Itzá bila shaka mmeiona katika picha. Ina urefu wa kama mita 30, na ngazi pande zote nne. Kila upande una vidato 91. Zidisha mara nne, ongeza kidato cha mwisho cha mlangoni juu, unapata 365, siku za mwaka mzima. Mwezi Machi na mwezi Septemba, siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua la jioni hutupa kivuli ukingoni mwa ngazi kikafanana na nyoka anayeshuka. Waliojenga jengo hili walijua kuandika, walijua tarakimu ya sifuri, na walihesabu mwendo wa sayari ya Zuhura kwa usahihi unaowashangaza wataalamu hadi leo.

Tukiwa pale chini, mwongozaji mmoja alikuwa akiwaeleza watalii wake kwa Kiingereza. Akafika mwisho, akashusha sauti kama mtu anayesimulia hadithi ya mazimwi, akasema kwamba Wamaya walitoweka, na mpaka leo hakuna ajuaye walikokwenda. Watalii wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakapiga picha.

Hatua kama ishirini kutoka pale palikuwa na mzee aliyekaa chini ya mti akichonga kinyago cha mbao. Alikuwa akizungumza na mwanamke aliyeuza magauni meupe yaliyotariziwa maua, na lugha yao haikuwa Kihispania. Mpwa wangu akamwuliza ni lugha gani. Mzee akasema, "Kimaya." Mpwa wangu akamwuliza tena, kwa adabu, kama yeye ni Mmaya. Mzee akamwelekezea yule mwongozaji kidevu, akacheka, akasema, "Kwani yule amekuambieni nimekufa?"

Tulikaa naye karibu saa nzima. Tukanunua kinyago, naye akatufundisha salamu. Wamaya wa Yucatán wakikutana huulizana, "Bix a beel?" Maana yake neno kwa neno ni "Iko vipi njia yako?" Nilifurahi, kwani hata sisi mtu akifika tunamwuliza habari za njiani. Neno hilo la njia kwao lina maana pana: ni barabara, ni kazi ya mtu, na ni maisha yake.

Sasa tuulize, huko kutoweka kulitoka wapi? Ni kweli kwamba katika karne ya 9 miji mingi mikubwa ya Wamaya upande wa kusini, katika misitu ya Guatemala na kusini mwa Meksiko, iliachwa. Sababu zinazotajwa ni ukame wa miaka mingi, vita vya wafalme, na ardhi iliyochoka. Wafalme walianguka, lakini watu hawakuyeyuka. Walihamia kwingine, wakalima, wakazaa. Upande wa kaskazini Chichén Itzá iliendelea kustawi baada ya hapo, ukaja mji wa Mayapán, na Wahispania walipofika katika karne ya 16 waliwakuta Wamaya katika miji yao, tena wakiwapiga vita. Ufalme wao wa mwisho, katika kisiwa cha ziwa Petén Itzá, haukushindwa mpaka mwezi Machi 1697. Hiyo ni karibu miaka 180 baada ya Wahispania wa kwanza kutia nanga. Je, mtu aliyetoweka hupigana miaka 180?

Kilichotoweka ni vitabu, na hivyo havikutoweka vyenyewe. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, mtawa wa Kihispania aitwaye Diego de Landa alikusanya sanamu na vitabu vya Wamaya akavitia moto, akisema ni uongo wa shetani. Leo vitabu vinavyojulikana kubaki ni vinne tu: kimoja kiko Dresden, kimoja Madrid, kimoja Paris, na kimoja katika mji mkuu wa Meksiko. Ajabu ni kwamba Landa huyo huyo baadaye aliandika kitabu juu ya mila za Wamaya, na ndani yake akachora alama kadhaa za maandishi yao na kujaribu kueleza sauti zake. Mwaka 1952 msomi wa Kirusi, Yuri Knorozov, akiwa Leningrad na bila kuwahi kuikanyaga nchi ya Wamaya, alizitumia alama hizo kuonyesha jinsi maandishi yale yanavyosomeka. Tangu hapo mawe yakaanza kusema: majina ya wafalme, siku za kuzaliwa kwao, na vita walivyopigana.

Kesho yake tulipita mji wa Valladolid, tukakata kulia kwenda Cobá. Hapa ndipo niliposhangaa zaidi kuliko hata kule Chichén. Ndani ya msitu, chini ya miti, inapita barabara. Wamaya huiita sakbe, yaani njia nyeupe. Waliweka mawe makubwa kandokando, wakajaza kifusi katikati, na juu wakasiliba chokaa, ndiyo maana ikawa nyeupe. Moja ya njia hizo inatoka Cobá hadi mji wa Yaxuná, umbali wa kama kilomita 100, imenyooka kiasi kwamba unaweza kudhani ilipimwa kwa uzi. Nayo ilijengwa na watu wasiokuwa na gari la magurudumu, wala punda, wala ng'ombe wa kukokota. Kila jiwe lilibebwa na mtu.

Nikamwambia mpwa wangu, "Hii chokaa naijua." Kwa maana wazee wetu wa pwani nao waliokota matumbawe, wakayachoma katika tanuri, wakapata chokaa ya kujengea misikiti na nyumba za ghorofa. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja akalitazama jiwe alilopewa na Mungu, akagundua jambo lile lile.

Kutoka Cobá hadi Tulum ni dakika arobaini na tano hivi, na hapo ndipo tulipokutana na bahari. Mji wa kale wa Tulum umekaa juu ya jabali. Pande tatu una ukuta wa mawe, na upande wa nne ni maji ya rangi ya samawati yaliyokolea, na mbele yake mwamba wa matumbawe kama wetu. Mitumbwi mikubwa ya biashara ilikuwa ikiingia hapo ikibeba chumvi, asali, kakao na nguo za pamba. Mwaka 1518 merikebu za Juan de Grijalva zilipita pwani hii, na padri aliyekuwamo akaandika kwamba waliona mji mkubwa usiopitwa hata na Seville. Wanahistoria wengi hudhani alikuwa akiuzungumzia Tulum.

Baada ya Wahispania, ndui na magonjwa mengine yaliwamaliza watu wengi wa pwani, na msitu ukaufunika mji. Mwaka 1842 msafiri wa Kimarekani John Lloyd Stephens na mchoraji wa Kiingereza Frederick Catherwood walifika hapo, wakakata miti na kuchora majengo. Wakati huo wako Wazungu waliodai kwamba magofu ya nchi ile yalijengwa na Wamisri, au Wafoinike, au makabila ya Israeli yaliyopotea. Ilimradi yamejengwa na mtu yeyote, isipokuwa wale wanaoishi hapo. Stephens aliandika waziwazi kwamba waliojenga ni mababu wa wenyeji wale wale aliowakuta wakilima mahindi. Alisema kweli, lakini kuna watu hawapendi kuisikia, kwa sababu ukikubali kwamba magofu yana wenyewe, utaulizwa pia ardhi ni ya nani.

Swali hilo la ardhi ndilo lililonisimamisha katika mji wa Felipe Carrillo Puerto, kilomita 95 hivi kusini ya Tulum. Watalii wengi hupita hapo wakiongeza petroli tu. Sisi tulilala hapo.

Mwezi Julai 1847 Wamaya wa Yucatán waliasi. Mashamba ya miwa yalikuwa yakila ardhi yao, kodi za serikali na za kanisa zilikuwa zikiwakamua, na tarehe 26 mwezi huo kiongozi wao mmoja, Manuel Antonio Ay, aliuawa hadharani mjini Valladolid. Siku nne baadaye Cecilio Chi akakishambulia kijiji cha Tepich, na yeye pamoja na Jacinto Pat wakaongoza vita vilivyoenea karibu rasi nzima. Kufikia katikati ya mwaka 1848 walikuwa wamekaribia Mérida. Simulizi husema kwamba hapo wapiganaji waliona kumbikumbi wakiruka, dalili ya mvua, wakasema wakati wa kupanda mahindi umefika, wakarudi mashambani. Wanahistoria hutaja sababu nyingine pia. Lakini mimi, niliyekulia kwa watu wanaoishi kwa jembe, ile ya kumbikumbi naielewa.

Serikali ikajipanga upya na kuwarudisha nyuma. Kati ya mwaka 1849 na 1861 Wamaya waliotekwa waliuzwa Cuba kufanya kazi katika mashamba ya miwa, mpaka Rais Benito Juárez alipolipiga marufuku jambo hilo. Waliobaki wakakimbilia msitu wa mashariki. Mwaka 1850, penye senote moja, ukapatikana msalaba ambao waliamini unasema nao, unawatia moyo na kuwapa amri za vita. Pakazaliwa mji ulioitwa Chan Santa Cruz, maana yake Msalaba Mtakatifu Mdogo, ndio huo tuliolala. Kwa nusu karne Wamaya hao walijitawala, wakinunua bunduki kutoka upande wa Waingereza wa Belize. Hata Tulum ile ya watalii ilikuwa mahali pao pa ibada, na kiongozi wake alikuwa mwanamke, María Uicab. Mwaka 1893 Uingereza na Meksiko zikatia sahihi mkataba wa mpaka, mlango wa silaha ukafungwa, na mwezi Mei 1901 jeshi la Jenerali Ignacio Bravo likaingia mjini.

Mwaka 1901! Miaka minne tu baadaye, mwaka 1905, wazee wetu wa kusini wakayanywa maji ya Kinjikitile wakamkabili Mjerumani aliyewalimisha pamba kwa nguvu. Wale hawakuwajua hawa. Lakini mtu akinyang'anywa ardhi na jasho lake, akatazama silaha alizonazo akaona hazitoshi, hutafuta nguvu kwa Mwenyezi Mungu na kwa mababu zake. Sioni kichekesho hapo, kule wala huku.

Kanisa la mawe walilolijenga watu wa msalaba mwaka 1858 bado limesimama katikati ya mji, na mahali pa ule msalaba bado panatunzwa. Mji wenyewe leo unaitwa kwa jina la Felipe Carrillo Puerto, gavana wa Yucatán aliyehutubia watu kwa Kimaya na kuwagawia ardhi, akauawa kwa kupigwa risasi mwezi Januari 1924. Na tarehe 3 Mei 2021, katika kijiji cha Tihosuco kilicho wilaya hiyo hiyo, Rais Andrés Manuel López Obrador aliwaomba Wamaya msamaha kwa niaba ya dola ya Meksiko. Watu wasiokuwapo hawaombwi msamaha.

Siku hizi pwani ile ni ya hoteli. Cancún ilianza kujengwa mwaka 1970 mahali palipokuwa na wavuvi wachache, na leo hoteli zimeandamana hadi Tulum. Pwani yote imepewa jina la Wamaya kuwavutia wageni. Tangu Desemba 2023 iko pia reli inayoitwa Treni ya Maya, inayozunguka rasi kwa zaidi ya kilomita 1,500. Wako wanaoisifu kwa kuleta kazi, na wako wanaolalamika kwamba imekata msitu na kupigilia nguzo juu ya mapango yenye maji. Mimi nasema hili tu: anayetandika vitanda hotelini ni Mmaya, anayefagia mwani wa kahawia unaoletwa ufukweni na mawimbi ni Mmaya, na kwenye ubao wa hoteli imeandikwa kwamba Wamaya walitoweka.

Tulimalizia safari Bacalar, penye ziwa lenye rangi saba za buluu na ngome ya Wahispania waliyoijenga kujikinga na maharamia, kisha tukaingia Chetumal. Huko wanamkumbuka baharia wa Kihispania, Gonzalo Guerrero, ambaye chombo chake kilizama mwaka 1511. Alioa mwanamke wa Kimaya, akachanja uso kama wenyeji, na wenzake walipokuja mwaka 1519 kumwita arudi kwao, akakataa. Alikufa akipigana upande wa Wamaya. Njia yake ilikuwa imekwisha kugeuka.

Ndugu zangu, wasemaji wa lugha za Kimaya leo ni mamilioni, katika Meksiko, Guatemala na Belize. Kimaya cha Yucatán peke yake kina wasemaji zaidi ya 700,000. Hao ndio waliotoweka.

Niliporudi nchini nilipanda basi kwenda Pangani, na safari hii nikashuka Tongoni. Jina lenyewe lina habari, kwani tongo ni mahali palipohamwa. Nikayaona makaburi yenye nguzo na msikiti wa karne ya 14 au ya 15, chokaa bado imeng'ang'ania mawe. Mimi niliyevuka bahari kwenda kupiga picha ngazi za Chichén Itzá, nilikuwa nimepita hapa mara mia moja bila kushuka. Nikamkuta mzee mmoja wa kijiji akitengeneza wavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwuliza swali nililomwuliza baba ndani ya basi: "Mzee, wenyewe wa pale ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Akasema, "Wenyewe ni sisi. Walipohama pale walihamia hapa." Akaonyesha kwa mkono. Kutoka magofuni hadi nyumbani kwake hapafiki hata mwendo wa kupoza chai.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba Kilwa, Gedi na Tongoni zilijengwa na wageni waliokuja kisha wakaondoka, na sisi ni wapita njia tu. Wachimbuaji wa mambo ya kale, hasa tangu miaka ya 1980 kule Shanga katika visiwa vya Lamu, wameonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka katika vijiji vya wenyeji, ikawapokea wageni, ikaoana nao. Lakini maneno ya kutoweka ni matamu kwa mwenye kutaka kiwanja cha hoteli, maana gofu lisilo na mwenyewe halina wa kuulizwa.

Baba yangu hakukosea kwa ubaya. Alikuwa mgeni Tanga kama mkonge wenyewe, na hakuna aliyemweleza. Mimi sina udhuru huo, na wewe msikilizaji huna. Jumapili ijayo, ukiwa na nauli ya basi, mchukue mwanao hadi kwenye gofu lililo karibu nawe. Akikuuliza nani alijenga, usimjibu kwamba wenyewe walishaondoka. Mpeleke kwa mzee wa kijiji akaulize.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo, nanyi mniambie habari za njia yenu.